Mama, Nipokee

Nilikuwa nimekwenda kupeleka chai tu.

Chupa mkono huu, bakuli la viazi mkono huu, mtandio nimeukaza kichwani maana upepo wa jioni na mimi hatupatani. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa. Njia ya kwenda yadi ya boti naijua kama ninavyoijua njia ya jikoni kwangu. Unapita kiwanda cha barafu, unapita ukuta uliopandwa vigae vya chupa juu yake, unaingia lango la mabati. Humo ndani nimeshona matanga tangu meno yangu yakiwa kamili. Humo ndani ndimo marehemu mume wangu alimofanya kazi, na watu wote walimwita Fundi, hata mimi mkewe. Hata siku ya harusi ulimi uliniteleza, wakwe wakacheka.

Sasa fundi alikuwa binti yetu. Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Wenzake wametawanyika, kila mmoja na ndoa yake na shida zake, huyu ndiye aliyebaki akipiga randa pale pale alipopiga baba yake. Watu waliwahi kumtania Fundi, "Umekosa wa kiume mpaka umfundishe msichana?" Akawajibu, "Randa haijaniuliza kama anayeishika ana ndevu."

Lakini naye alikuwa anaondoka. Amepata kazi kwenye yadi kubwa, mji wa mbali. Alibakiza jambo moja tu mkononi: usukani wa yoti ya Mzee Samahani. Ukishafungwa ule usukani, yoti ingeshushwa majini asubuhi, na Kitinda angepanda basi. Kwa hiyo, mwenzangu, sikuwa na haraka nao. Kila siku ya kupiga msasa ilikuwa siku nyingine ya mimi kusikia mtu akinawa miguu uani kwangu.

Huyo Mzee Samahani ndiye mwenye yoti, boti ya tanga ya kutembelea. Mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi sikioni, adabu nyingi mpaka zinachosha. Hakuna neno aliloanza bila samahani, na kabla ya samahani kikohozi kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. "Samahani, habari za asubuhi." "Samahani, mvua inanyesha." Kitinda aliniambia, "Mama, yule hata siku ya kufa ataanza na samahani."

Alikuwa akilala ndani ya chombo chake, hata kilipokuwa nchi kavu juu ya magogo. Yoti ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku. Alisema usukani umegonga mwamba. Basi. Alifika bandarini peke yake, ingawa kwao aliondoka akiwa na mkewe.

Nilimwuliza siku moja, maana mimi ni mtu wa kuuliza. "Na mama je?"

"Mke wangu alishuka," akasema.

"Alishuka wapi?"

Akakohoa. "Samahani," akasema, akaingia ndani.

* * *

Usukani wa chombo kama kile ni ubao mpana uliojengwa juu ya chuma kirefu. Chuma hicho wao wanakiita shafti. Shafti inapenya bomba lililo tumboni mwa boti, inatokea juu, na juu ndipo inapofungwa kana, ile fimbo anayoishika nahodha. Ubao ule ulikuwa umepasuka na kunywa maji. Kitinda akautoboa kwa chini ili uvuje, akaweka kopo, akauacha juani.

Ukavuja.

Ukavuja wiki hiyo, ukavuja na iliyofuata. Jua lilikuwa la kukausha hata matusi, lakini kopo kila asubuhi limejaa. Tone... tone... Na harufu. Si harufu ya bahari. Ilikuwa harufu ya nguo zilizosahauliwa zimelowa ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Kitinda akachoka, akauchana kwa grenda, ile mashine ya kukatia. Mle ndani, kwenye mbavu za chuma zilizoliwa na kutu, palikuwa na msokoto wa nywele. Nywele za mwanamke, ndefu, zimesukwa vizuri, zimezungushwa kwenye shafti na kufungwa fundo. Juu yake ndipo mtu alipogundisha ubao.

Nilikuwapo. Niliziona zikiwa zinang'aa, kana kwamba zimepakwa mafuta asubuhi ile.

"Hii siyo kazi ya kiwandani," Kitinda akasema taratibu.

Mzee Samahani alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alikuja saa ngapi. "Samahani," akasema. "Ubao tengeneza mpya. Lakini shafti iwe ile ile. Na hicho... kirudi kilipokuwa."

"Shafti sawa, ni nzima," Kitinda akamjibu. "Hicho sirudishi. Mimi najenga usukani, sijengi kaburi."

Akakohoa, akaondoka. Hakugomba. Ningependa angegomba.

* * *

Sasa nikueleze desturi ya yadi yetu, maana bila hiyo hutanielewa.

Kuufunga usukani kunataka watu wawili. Chini ya boti unachimbwa shimo, kwa sababu shafti ni ndefu na lazima ianzie chini sana ndipo iingie kwenye bomba. Mmoja anasimama shimoni na jeki, anausukuma usukani juu. Mwingine yuko juu, anavuta kwa kamba iliyopitishwa ndani ya bomba. Hawaonani. Kuna tundu tu, upana wa kikombe, na sauti.

Wa chini anauliza, "Umeupokea?" Wa juu anajibu, "Nimeupokea."

Ni hivyo tu. Lakini unajua sisi nyumbani tunavyosema. Mtu akija na ndoo kichwani, mlangoni anaita, "Nipokee." Nawe unamtua mzigo, unasema nimekupokea. Ni neno la upendo, tumelelewa nalo. Yadini kwa Fundi, neno hilo lilikuwa mwiko. Kibarua mmoja aliwahi kujibu kwa mzaha, "Nimekupokea, bosi." Fundi akaushusha usukani wote chini, akamwambia aanze upya. Kijana alinuna mpaka jua likazama.

Usiku nikamwuliza, "Baba watoto, neno dogo vile?"

Akasema, "Usukani ndio unaopokewa. Mtu hapokewi chomboni kwa neno la tunduni. Apande kwa miguu yake, umwone uso."

"Na asipokuwa mtu?"

"Ndiyo maana nasema hivyo. Huko majini wako waliokosa chombo. Hawana mkono wa kubisha hodi. Wanachongoja ni neno."

Nilicheka. Hakucheka.

* * *

Jioni hiyo nilipofika na chai, kibarua wa Kitinda alikuwa ameshikwa na tumbo, amekwenda kwao. Gari la kushusha boti lingekuja alfajiri.

"Mama, umeletwa na Mungu," Kitinda akasema kutoka shimoni. Kichwa chake tu ndicho kilichoonekana, kimejaa vumbi la msasa. "Panda juu unishikie kamba."

"Mimi na magoti haya?"

"Magoti hayashiki kamba."

Nikapanda ngazi, nikilalamika kila kipandio. Mzee Samahani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mdomo wa shimo, kofia magotini. Nilimpa chai. Akakipokea kikombe, akakiweka chini bila kunywa.

Nikakaa tezini, nyuma kabisa ya chombo, nikaizungusha kamba kwenye chuma cha kufungia kamba na kuushika mkia wake kwa mikono miwili. Kitinda alinionya: usiiachie hata kidogo, ikiteleza usukani unanishukia kifuani. Nikasema nimekusikia, mimi si mtoto.

Tukaanza. Jeki inalia, kriii. Navuta. Kriii. Navuta. Sauti yake inapanda ndani ya bomba, imekuwa nzito, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Umeupokea?"

"Nimeupokea."

"Umeupokea?"

"Nimeupokea, mwanangu."

Nilifurahi, nisikufiche. Niliwaza, kesho saa hizi nyumba itakuwa kimya, acha leo nisikie sauti ya mtu akiniita.

Mwanga ukapungua. Mafundi wengine walishatoka, lango limerudishwa. Jeki ikalia mara moja zaidi, halafu ikanyamaza. Nikangoja.

Kimya.

"Kitinda?"

Kamba mikononi ikawa nzito, imekaza, inatetemeka kidogo, kama kamba ya kisimani ndoo inapojaa. Ndipo ile harufu ikapanda kutoka tunduni. Nguo zilizosahauliwa. Ndoo yenye mfuniko.

Tone.

Usukani ule ulikuwa mpya. Mbao kavu, faiba kavu, rangi kavu. Hapakuwa na cha kuvuja.

Tone... tone.

Halafu sauti. Ya Kitinda. Chini kabisa, karibu na kunong'ona.

"Mama, nipokee."

Ulimi wangu ulishajikunja kujibu. Mama gani akiambiwa nipokee ananyamaza? Lakini kitu kikanishika. Kitinda hawezi kusema vile. Amelelewa mle, amefundishwa na baba yake. Nyumbani, ndiyo. Shimoni, hata siku moja.

"Mama... ni nzito. Nipokee."

Mwenzangu, nisikilize. Kama nisingejibu na ni mwanangu kweli, ameumia, amebanwa? Kama ningeiachia kamba nikachungulie, usukani ungemshukia. Kama ningejibu na si yeye... Nilikaa pale, mikono inaungua, machozi yananitiririka puani. Nikainamia tundu.

"Nikupokee nini?" nikanong'ona.

Hakujibu. Alivuta pumzi tu. Ndefu. Ya mtu aliyekaa sana bila kuvuta.

"Mama, shikilia hapo hapo."

Hii haikutoka tunduni. Ilitoka upande wa stoo, mbali, kule kwenye mabati. Nikageuza shingo. Kitinda alikuwa mlangoni mwa stoo, tochi kwapani, anapekua kopo la bolti. Akaishika tochi. "Nilikwambia naenda kuchukua nati, hukusikia? Shikilia tu, jeki imeubeba."

Basi chini alikuwa nani?

Nikamtazama Mzee Samahani. Alikuwa ameinuka kwenye ndoo yake. Amesimama ukingoni mwa shimo, kofia kifuani, anatazama chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kituoni na kuliona basi alilolingojea siku nzima.

Akakohoa.

"Samahani," akasema kwa upole. "Nimekupokea, mke wangu."

Kamba ikalegea.

Usukani ukapanda wenyewe. Sikuvuta. Jeki haikulia. Shafti ilitokeza tunduni mbele ya magoti yangu taratibu, inang'aa, imelowa, ikasimama mahali pake hasa. Hata Kitinda aliporudi na nati zake aliniangalia kwa mshangao. "Mama, umepata wapi nguvu hizi?"

Nikamwuliza zile nywele alizipeleka wapi.

"Nilizitupa humu shimoni, nikazifukia." Akashuka, akachimbua kwa tindo. Mchanga wa chini ulikuwa tope. Nywele hazikuwamo.

* * *

Yoti ilishushwa alfajiri. Nilikwenda, sikuweza kutokwenda. Mzee Samahani amenyoa, amevaa shati safi. Kitinda akaijaribu kana, ikaenda kushoto, ikaenda kulia, laini kama kitasa kilichotiwa mafuta. Kazi nzuri. Baba yake angemsifu, naye alikuwa bahili wa sifa.

Kabla ya kuondoka yule mzee alinijia gatini.

"Samahani, bibi. Nilitaka kukushukuru."

"Mimi sikufanya lolote."

"Ndiyo." Akapangusa miwani. "Alikuomba wewe kwanza. Nilitumaini utamjibu, ili mimi nibaki huku nchi kavu. Lakini ni haki. Wangu ni wangu."

"Ulimfanya nini mkeo?" nikamwuliza.

Akaivaa miwani. "Alikuwa akisema atashuka bandari yoyote, aniache. Nikaenda kwa mtu anayejua mambo. Akaniambia chombo kikishika nywele zake, hataweza kushuka." Akakohoa. "Aliweza. Ila hapakuwa na bandari, ni maji tu."

Akapanda. Wakati anafungua tanga alikuwa mbele kabisa, mikono yote miwili kwenye kamba. Nyuma hapakuwa na mtu. Kana ikageuka polepole, ikaielekeza yoti mlangoni mwa bandari, bila kusitasita.

Kitinda alikuwa anakunja vifaa vyake. Sikumwambia atazame.

* * *

Alipanda basi siku ile ile. Nikarudi nyumbani, nikaosha bakuli la viazi, nikakaa.

Habari zilikuja baadaye kupitia yule kibarua wa tumbo. Yoti imeokotwa inaelea, matanga yamekunjwa vizuri, chai imeshika utando kikombeni, miwani imewekwa mezani, uzi wake umekunjwa. Mtu hakuna. Na usukani haupo. Kutu hakuna, mkwaruzo hakuna, bolti zimefunguliwa moja moja. Shafti imetoka bombani kwa utaratibu, kana kwamba wa juu alilegeza kamba, na wa chini akaupokea.

"Chombo cha kuzama hakina usukani," kibarua akasema. Watu wanapenda methali pale wanapokosa la kusema.

"Lakini hakikuzama," nikamwambia.

Akaomba chai.

Tangu hapo nimejiwekea sharti. Mtu akiniita mlangoni "nipokee", nauliza kwanza, "Nini?" Mwenye mzigo atasema: kuni, unga, ndoo. Mara mbili hivi, magharibi, nimeuliza na sikujibiwa. Nimekaa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, nikisikiliza maji yakidondoka kwenye kizingiti ilhali mvua haijanyesha. Halafu yanakwenda zake.

Nitakwambia jambo la aibu. Yakishakwenda, nyumba inakuwa kimya zaidi kuliko kabla. Majirani wamehama. Wanangu wanapiga simu sikukuu. Kuna wiki sauti pekee iliyosema "Mama" kwangu ilikuwa ile.

Jana magharibi simu iliita. Nilikuwa napepeta mchele, nikaipokea kwa mkono wenye makapi, bila kutazama.

"Mama." Kitinda. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ndani ya mtungi, lakini simu ndivyo zilivyo.

"Mwanangu. Umenitupa kabisa."

"Nakuja, Mama. Kesho, jua likizama. Nimechoka huku. Utanipokea?"

Moyo wangu, mwenzangu, ulijaa mpaka ukamwagika. Chumba chake nilikuwa nimekifungia na funguo nimeficha ili nisiwe naingia kulia. Utanipokea? Mama anaulizwa hivyo?

"Nitakupokea," nikasema. "Kwa mikono miwili, mwanangu. Nitakupokea."

Akavuta pumzi. Ndefu.

Na nyuma yake, kwa mbali, mtu akakohoa. Akasema kwa adabu, "Samahani." Simu ikakatika.

Leo asubuhi Kitinda amenipigia kwa namba ngeni. Simu yake ilidumbukia majini kazini, juzi kutwa nzima na jana hakuwa na simu, ndiyo amenunua nyingine. Kuja? Nani kasema anakuja? Kazi imembana, labda mwisho wa mwaka. "Mama, uko salama? Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia niko salama, nanyamaza kwa furaha. Ningemwambia nini? Angepanda basi la kwanza, naye angefika mlangoni kwangu jua likizama. Bora akae alipo.

Kwa mgeni uliyekwisha kumpa neno, mlango haufungwi. Fundi alisema wanachongoja ni neno, na neno nimelitoa, tena kwa hiari, tena mara mbili. Nimekifungua chumba. Nimetandika shuka safi. Nimefagia mpaka kizingitini, nikaweka tambara la kufutia maji.

Jua sasa limeshika mapaa. Chai imechemka. Nimetoa vikombe vitatu.

Nje, mtu amekohoa.